Ushahidi Uliokuwa Ndani ya Tangi

Mimi ni mlevi ambaye hanywi. Naanza na hilo kwa sababu jamaa zangu hupenda kulisema kwa kunong'ona, na minong'ono yao imenichosha. Wakati wa mambo haya nilikuwa nimemaliza miaka miwili na miezi minne bila kugusa kinywaji, na kama kuna mtu aliyeihesabu miezi hiyo kunishinda, ni mke wangu. Alikuwa amenirudia kwa sharti moja tu. Siku nitakayorudi nyumbani nimekunywa, yeye na binti yetu wa miaka sita wangepanda gari la Kitui kwenda kwa mama yake, na safari hiyo wasingerudi.

Kazi yangu ni ya pikipiki. Nabeba sampuli za damu na mikojo kutoka kliniki moja ya Hurlingham hadi maabara katikati ya jiji, halafu narudi na majibu. Kwenda mjini si shida, ni mteremko. Shida ni kurudi, kuipanda Valley Road nyuma ya malori, na pikipiki yangu ina injini ndogo na umri mkubwa. Ilikuwa inapanda kilima kile kwa manung'uniko hata nikaona haya, maana wenzangu walikuwa wananipita huku wamebeba abiria wawili na gunia la viazi.

Nikisubiri sampuli hukaa na waendeshaji wa bodaboda kwenye steji iliyo karibu na kliniki, na pale kila mtu ni daktari wa injini. Mmoja alikuwa ananunua vile vichupa vidogo vya dawa vinavyouzwa kwenye vituo vya petroli. Mwingine aliapa kwa nafthalini, zile tembe nyeupe za kufukuza nondo kabatini, anatumbukiza mbili ndani ya tangi na kudai pikipiki inakimbia bila kuambiwa. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka upande wa mashamba ya miwa, magharibi, aliyetueleza kwamba zamani petroli ya nchi hii iliwahi kuchanganywa na spiriti ya miwa, na magari yakatembea vizuri, na kwamba hadi leo kuna nchi ambazo magari yake hunywa pombe kuliko wenye magari. Tukacheka. Mzee alikuwa anasema kweli tupu. Ila mimi nina tabia ya kusikia nusu ya jambo na kuondoka nayo mbio.

Wiki hiyohiyo nesi mkuu wa kliniki alikuwa anasafisha stoo. Akakuta dumu la lita tano la sanitaiza, ile ya majimaji yenye rangi ya samawati hafifu, masalio ya siku za korona, muda wake umepita. Hakujua historia yangu. Akanipa nikaimwage. Nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni na kuona kwamba sehemu kubwa ya kilichomo ni pombe, na nikaona Mungu amenikumbuka mimi na pikipiki yangu. Sikusoma yale mengine yaliyoandikwa chini kwa herufi ndogo. Nani husoma herufi ndogo?

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga wenyewe. Mtu mwenye akili angemweleza mke wake. Mimi nililipeleka dumu nyumbani Kawangware yeye akiwa bado kazini, kwani ni mpishi katika shule ya chekechea huko Muthangari, nikalifunika kwa gunia na kulisukuma nyuma ya mapipa ya maji. Sikutumia hata dakika moja kufikiria pa kulificha. Mikono yangu ilikuwa na uzoefu, ilikwenda yenyewe.

Nilianza na robo ya chupa ya maji ya nusu lita, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Pikipiki ikaruka. Naweza kuapa mahakamani kwamba iliruka. Niliipanda Valley Road nikiimba pambio na nikampita mwenzangu wa nafthalini nikampungia mkono. Baada ya siku chache ikaanza kukohoa, hasa mafuta yakipungua na mimi kugeuza koki kwenda rizavu, yaani ile akiba inayobaki chini kabisa ya tangi. Nikasema dawa imeisha nguvu, nikaongeza. Ikakohoa zaidi, nikaongeza zaidi. Leo nikikumbuka naona nilikuwa naipimia pikipiki vilevile nilivyokuwa najipimia mwenyewe zamani, kidogo cha kuamshia, kidogo cha kutulizia, na kingine cha kurekebisha kile kilichoharibiwa na vya kwanza. Wakati ule sikuliona hilo. Nilijiona fundi.

Wiki kadhaa zilipita hivyo, hadi Ijumaa moja ya mvua. Nilikuwa nimeshafikisha sampuli maabara, namshukuru Mungu kwa hilo, nikawa narudi na bahasha ya majibu kifuani. Katikati ya kilima injini ikaanza kufifia kwa kukosa mafuta. Nikageuza koki kwenda rizavu. Ikakohoa mara tatu na kufa kabisa, na malori yakaanza kunipigia honi kana kwamba nimesimama pale kwa starehe. Nikaivuta pembeni, nikang'oa bomba la mafuta nione kama limeziba, na kilichomo kikanimwagikia mikononi, kwenye kifua cha jaketi, hadi shingoni. Nikaisukuma hadi Hurlingham kwa fundi anayefanyia kazi nyuma ya maduka ya Argwings Kodhek. Fundi aliponiuliza imekula nini, nikamwambia petroli tu. Niliona aibu. Akasema ataifungua kesho yake, nami nikaifikisha bahasha kliniki.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mke wangu alikuwa mlangoni anachagua maharagwe. Niliinama kumsalimu binti yetu, na nikaona uso wa mama yake ukibadilika. Petroli ilikuwa imeshakauka njiani, lakini ile harufu nyingine ilikuwa imekwama kwenye jaketi. Aliweka sinia chini, akaingia ndani, na nikasikia mapipa yakisogezwa. Alitoka na dumu. Lilikuwa limepungua, na ilionekana wazi.

Nilimweleza yote. Nilianza na Valley Road, nikapitia kwa mzee wa miwa, nikamaliza na bomba la mafuta. Ulikuwa ukweli mtupu, na kadiri nilivyousema ndivyo ulivyonuka uongo. Haikuwa kosa lake. Kuna wakati niliwahi kumwambia kwamba abiria fulani amenimwagia bia kwenye basi. Nilimwambia hivyo mara tatu, miezi mitatu tofauti. Kwa mtu aliyekula hadithi kama hizo miaka sita, pikipiki inayokunywa sanitaiza ni matusi. Halafu kulikuwa na jambo kubwa kuliko hasira. Mtaani kwetu tulikuwa tumewazika watu waliokunywa spiriti za namna hiyo, na tunamjua mmoja ambaye hakufa, ila alipofuka, na leo anaongozwa kwa mkono kwenda msalani. Mke wangu alikuwa ananitazama machoni, jicho moja baada ya jingine, ajue kama bado naona.

Kwetu mtu akikasirika kupita kiasi haongei nawe. Anapitishia maneno kwa mtoto.

"Mwambie babako ale alale," alimwambia binti yetu, ambaye alikuwa amesimama katikati yetu. "Kesho sisi tuna safari."

Mtoto akanigeukia na kuniambia hivyohivyo, neno kwa neno. Nililala kwenye kochi na sikulala.

Asubuhi, Jumamosi, begi lilikuwa tayari. Nilijua kubembeleza hakungenisaidia, maana kubembeleza nako alikuwa amekula kwa miaka sita. Nikamwomba kitu kimoja. Gari la mjini linapitia Hurlingham. Washuke pale kwanza, amsikilize fundi akifungua pikipiki. Nikamwambia kwamba fundi hajui chochote, sijamwambia kitu, na mimi sitafungua mdomo. Fundi akikosa kuona sanitaiza humo ndani, nitawabebea begi mimi mwenyewe hadi kwenye gari la Kitui.

Aliinama akafunga kamba za viatu vya mtoto, polepole, kiatu cha kwanza na cha pili.

"Mwambie nusu saa," akasema.

Fundi ni mtu mzima kutoka Magharibi, mpole na mwenye mwendo wake, na siku hiyo mwendo wake ulitaka kuniua. Nilidhani ataanza na tangi. Akaanza na plagi. Akaifungua, akaitazama juani, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao na begi mapajani, mtoto anacheza na nati kwenye kopo. Fundi akapiga kiki. Injini ikaguna kidogo, kama inayotaka kuwaka.

Nimewahi kuomba mengi katika maisha yangu, lakini sikuwahi kuomba kwamba pikipiki yangu iwe imeharibika. Pale nikaomba. Nikasema, Bwana, kama umewahi kunipenda, isiwake. Akapiga kiki ya pili. Ikaguna tena. Mke wangu akatazama barabarani magari yalikokuwa yanapita. Kiki ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Fundi akavuta pumzi, akachukua bisibisi na kuanza kufungua kabureta, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeuma kidole changu hadi kikapata alama.

Chini ya kabureta kuna kibakuli kidogo kinachoshika mafuta kabla hayajaingia kwenye injini. Fundi alikitoa, akakiinamisha kwenye mwanga. Kisha akakinusa. Akaingiza kidole na kukitoa na utelezi mweupe mzito, kama kamasi za mtoto mwenye mafua.

"Bosi," akaniambia, "wewe umeweka nini kwa hii nduthi?"

Nilikuwa nimeahidi kutofungua mdomo. Mke wangu alikuwa amesimama. Akamuuliza fundi ameona nini.

"Hii si petroli, mama. Hii ni spiriti. Tena ile ya kuoshea mikono, mimi naijua hii harufu, tuliitumia sana."

Kwanza mke wangu alidhani mimi na fundi tumepanga. Hilo sikulitegemea, ingawa ningepaswa kulitegemea. Alimwuliza fundi kama mtu anaweza kumwaga kitu kama hicho mle jana yake jioni, kwa makusudi, ili apate cha kumwonyesha mke wake. Fundi akamtazama, akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba kazi yake ya asubuhi hiyo haikuwa ya pikipiki. Alimwita mke wangu karibu. Akampangusia kibakuli kwa kitambaa na kumwonyesha unga mweupe ulioshika kwenye chuma, na pale penye shaba akamwonyesha vidoa vya kijani. Akamwonyesha mpira wa kuzuia mafuta uliokuwa umefura hadi haukai tena mahali pake. Akamwambia chuma hakiliwi hivyo kwa siku moja. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Halafu akasema tufungue tangi tumalize ubishi. Aliokota chupa tupu za maji, zile za nusu lita, akaanza kuteremsha mafuta kutoka chini kabisa. Ya kwanza ilijaa, na ndani yake hakukuwa na tone la petroli. Ilikuwa samawati hafifu kutoka chini hadi shingoni. Ya pili vilevile. Ya tatu ilijaa samawati hadi karibu nusu, na juu yake ikakaa petroli ya manjano, na kati yao mstari ulionyooka kabisa. Fundi aliitikisa vikachanganyika, akaiweka chini, na sisi sote, hata mtoto, tukaitazama ikijitenga tena.

Alitueleza sababu, akimwelekea mke wangu kana kwamba ndiye mwenye pikipiki. Spiriti ya kuchanganya na petroli ni ile kavu, isiyo na maji, nayo huwekwa kwa kipimo kiwandani, na injini iwe na mipira inayoivumilia. Hata vile vichupa vya kituoni havina neno ukifuata maandishi. Lakini sanitaiza ina maji, na ina ile glisirini ya kulainisha mikono. Ukiimwaga kwenye tangi haichanganyiki, inazama na kukaa chini. Ukiendesha kawaida, mafuta huchukuliwa juu yake, kwa hivyo injini huipata kidogo tu pikipiki ikitikiswa na mashimo. Siku unapogeuza rizavu ndipo unaifungulia mlango.

"Kwa hivyo haikuwa inachoma hiyo spiriti," mke wangu akasema.

Fundi akamwambia haikuwa inachoma, ilikuwa inaibeba tu. Hapo nikaelewa kwamba pikipiki yangu haikuwahi kuruka hata siku moja. Niliyekuwa naruka ni mimi.

Mke wangu hupima unga na maziwa ya watoto arobaini kila siku. Alizipanga zile chupa tatu kwenye ukingo wa saruji, akachuchumaa mbele yake, na nikajua anafanya nini. Alikuwa analikumbuka dumu, lilipungua kiasi gani. Alifunga jicho moja. Aliweka kidole kwenye ule mstari wa chupa ya tatu. Nilikuwa nimetumia takriban lita moja na nusu kwa wiki zote hizo, na zaidi ya lita moja ilikuwa imekaa pale mbele yake, haikuchomwa wala haikunywewa na mtu. Nyingine ilikuwa kwenye jaketi langu na barabarani Valley Road.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu. Nilicheka, halafu nikaona nalia, mbele ya fundi na wateja wake wawili waliokuwa wamefika. Sijawahi kufurahia hasara namna ile. Kama fundi angeniambia injini nzima ni ya kutupa ningemkumbatia. Lakini alisema injini ni nzima, ni kuosha tangi, kubadilisha mipira na kusafisha kabureta, na nisimletee ujinga tena.

Mke wangu hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake hakumtumia mtoto.

"Hiyo ya tangi nimeona," akasema. "Wewe je? Hukuonja?"

Chupa zilikuwa zimenitetea vizuri. Ningeweza kusema sikuonja, na ungekuwa ukweli, na mambo yangeishia hapo. Sijui ni nini kilichonifanya niendelee. Labda ni uchovu wa kuficha vitu nyuma ya mapipa. Nilimwambia sikuonja. Halafu nikamwambia kwamba asubuhi ya kwanza, nilipofungua kile kifuniko, nilifumba macho na kuinusa kwa muda mrefu, na mate yakanijaa. Nikamwambia kwamba pikipiki ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu yote. Ningeweza kuliacha dumu kliniki. Nililipeleka nyumbani kwa sababu nilitaka liwe karibu nami. Nilikuwa sijawahi kujiambia hivyo hata mimi mwenyewe, na nilipomaliza niliogopa kuliko nilivyoogopa usiku kucha. Nilijiona mjinga wa mwisho, mtu aliyeachiliwa na kurudi mwenyewe kizimbani.

Fundi alijifanya anatafuta spana. Kisha mke wangu aliinama, akachukua begi lake, na nikajua safari ni ya Kitui.

"Hii ndiyo mara ya kwanza umeniambia kitu mbaya kabla nikipate mwenyewe," akasema. Akanipa begi nimbebee. "Twende nyumbani."

Tulipofika alilitoa dumu nje hadi penye mfereji wa maji machafu, nyuma ya nyumba, ambako pana ukuta na hapaonekani kutoka mlangoni. Nikadhani atalimwaga yeye, nami nikakaa kando. Akaliweka miguuni pangu. Zilikuwa zimebaki zaidi ya lita tatu.

"Mwaga wewe," akasema. Akamshika mtoto mkono. "Sisi tunaingia ndani."

Nikamwambia abaki aone. Akasema ana maharagwe ya jana hajayapika. Nikazisikia nyayo zao zikizunguka ukuta, halafu mlango, halafu sufuria. Nilibaki peke yangu na dumu, katikati ya mchana, na hapakuwa na mtu yeyote duniani wa kuniona. Nilifungua kifuniko huku nimegeuza uso, nikalimwaga lote, nikalisuuza mara mbili. Niliporudi ndani nimelishika mkononi likiwa tupu, alikuwa amenipa mgongo, anakatakata vitunguu. Hakugeuka kulitazama. Aliniuliza tu kama nataka maharagwe yawekwe nazi au yaachwe hivyo.